Kijiji Kilipoitwa Mtaa

Katika miaka yangu ya ualimu nilijaza madaftari mengi: ya mahudhurio, ya stoo, ya wageni. Lakini liko daftari moja ambalo sikuliandika ipasavyo, na kosa lile limenifuata hadi uzeeni. Lilikuwa daftari la mkutano mkuu wa kijiji.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyokuwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Tarime mjini. Njiani ulipita migomba, mashamba ya mahindi na mihogo, na kahawa ya mtu mmoja mmoja. Leo shule ile imo ndani ya mji. Ili msomaji aelewe kilichotokea, sina budi kurudi nyuma kidogo.

Kabla ya wakoloni, Wakurya hawakuwa na mtemi wa kuwatawala wote. Kila ukoo ulikuwa na wazee wake wa inchama, ambao vikao vyao vilikuwa vya siri, na jambo lililowahusu watu wote lilipelekwa kwenye baraza la wazi liitwalo iritongo. Waingereza walipoweka machifu na kuifanya Tarime kuwa boma la Wilaya ya North Mara, watu walitii kwa miguu, lakini mashauri ya ardhi na mifugo waliendelea kuyazungumza chini ya mti. Tulipopata Uhuru, serikali ilifuta uchifu mwaka 1963, zikabaki halmashauri za wilaya.

Nazo hazikudumu. Mwaka 1972 ulikuja mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri zikavunjwa na maamuzi mengi yakawa ya maofisa wa mkoa na wilaya. Mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji. Watu waliokuwa wakiishi mbalimbali vilimani walikusanywa pamoja, wengine kwa hiari na wengi kwa amri. Mwaka huohuo Wilaya ya Serengeti ikaundwa, makao makuu yakiwa Mugumu. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ikakitambua kijiji kisheria, kikapewa halmashauri yake. Hapo ndipo penye ajabu ya historia yetu: katika miaka ambayo wilaya haikuwa na halmashauri ya kuchaguliwa, mkulima wa kijijini alikuwa na mahali pa kusimama na kusema. Halmashauri za wilaya ziliporejea mwaka 1984, chini ya sheria za mwaka 1982, kijiji hakikupoteza nafasi hiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaiimarisha zaidi, kwani halmashauri ya kijiji hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji.

Ni katika mkutano wa namna hiyo ndipo shule yetu ilipopewa ardhi. Zilikuwa siku za Elimu ya Kujitegemea, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikuwa limetutaka tuwaandikishe watoto wote wa umri wa kwenda shule. Tulihitaji madarasa, uwanja na shamba. Wazee walitembea nami wakinionyesha mipaka, huku jiwe, kule mtaro, na wanafunzi wakafuata nyuma wakipanda katani na minyaa. Jioni, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mwepesi wa kalamu, niliombwa kuandika kumbukumbu za mkutano. Niliandika hivi: “Shule imepewa eneo la kutosha.” Wajumbe walinisifu kwa mwandiko. Daftari likaenda kukaa nyumbani kwa mwenyekiti.

Baadaye nilihamishiwa upande wa Serengeti, nikafundisha huko miaka mingi. Niliporudi Tarime kustaafu, sikuutambua mji. Biashara huria iliyoanza katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa imeupa uhai mpaka wa Sirari. Lami ilikuwa imefika. Na mgodi mkubwa wa dhahabu ulioanza uzalishaji Nyamongo mwaka 2002 ulikuwa umeleta wafanyakazi, madalali na wenye nyumba za kupangisha. Utawala nao ulikuwa ukikimbizana na wingi wa watu. Mwaka 2007 Rorya ilimegwa ikawa wilaya yake. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 339,693 katika Wilaya ya Tarime, mji ukiwa bado ndani ya hesabu hiyo. Uchaguzi wa mwaka 2015 ulipofika, Tarime Mjini ilikuwa jimbo peke yake, na mji ulikuwa na halmashauri yake. Katika kata zake nane hazimo Bomani na Sabasaba tu, bali zimo pia Nkende, Turwa, Nyandoto na Kenyamanyori, ambako sisi tulikwenda kununua ndizi.

Sitaki kuulaumu mji. Umeleta maji, barabara na viwanja vilivyopimwa, na mwenye hati anaweza kukopa benki. Lakini kijiji kinapoitwa mtaa, kuna kitu kinachoondoka bila kuagwa. Kijiji kina halmashauri ya watu 15 hadi 25, na kina mamlaka juu ya ardhi yake. Mtaa una mwenyekiti na wajumbe wachache wa kamati. Wanaweza kushauri na kusuluhisha, lakini ugawaji wa ardhi uko kwenye ramani ya mipango miji. Yule mzee aliyezoea kunyoosha mkono kwenye mkutano mkuu anaambiwa aende ofisini akiwa na karatasi.

Nami niliitwa siku moja kwenye ofisi ya mtaa, kwa sababu ya mipaka ya shule. Familia mbili zilidai kuwa sehemu ya shamba ni mahame ya baba yao, aliyeondolewa wakati wa Operesheni. Mtu wa tatu alikuwa amenunua kipande, tena alikuwa na hati ya mauziano yenye saini za mashahidi. Aliposimama kunisalimu ndipo nilipomtambua.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu.” Alikuwa miongoni mwa watoto waliopanda ile minyaa.

Sheria ilikuwa upande wa shule, maana ile ya mwaka 1999 inathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanyika katika Operesheni kati ya mwaka 1970 na 1977. Lakini sheria inahitaji ushahidi. Daftari lilipatikana, limeliwa na mchwa pembeni, ila sentensi yangu ilikuwa nzima. Mpimaji, kijana mwenye adabu, aliisoma mara mbili, kisha akaniuliza:

“Mwalimu, eneo la kutosha ni mita ngapi?”

Sikuwa na jibu. Wazee walionionyesha jiwe na mtaro walikuwa wamekwisha kufa. Mtaro ulikuwa umefukiwa, na jiwe lilikuwa ndani ya msingi wa nyumba ya mtu. Shule ilibaki na madarasa yake na nusu ya uwanja. Shamba likawa viwanja. Siku hizi watoto hucheza kwa zamu, darasa kwa darasa.

Nimeyaandika haya kwa ajili ya walioko Sirari, Nyamongo na kandokando ya Mugumu, ambao bado wana mkutano mkuu wa kijiji na wanauona kuwa ni wa kupoteza siku. Mji unakuja, na hauji kwa ubaya. Basi kabla haujafika, itisheni mkutano, mkapime shule, kisima, malisho na makaburi kwa futi ya kamba. Andikeni kwa tarakimu, na nakala ziwekwe mahali zaidi ya pamoja. Na mkishaitwa mtaa, msiache kudai mikutano ya mtaa na kusomewa mapato na matumizi, kwani desturi ya kukaa pamoja na kuulizana ni kongwe kwetu kuliko boma.

Mwezi uliofuata nilimwendea mwalimu mkuu wa sasa, mama mmoja hodari, nikamwomba tupime kilichobaki. Wanafunzi walishika ncha za kamba, yeye akahesabu, nami nikaandika. Safari hii niliandika mita.