Kutoka Msaragambo hadi Kiwanja cha Gofu: Historia Fupi ya Michango Yetu

Sisi tuliokulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro tunaijua mbiu ya msaragambo. Ikilia alfajiri, kila nyumba ilitoa mtu mwenye jembe, na kabla ya jua kali mfereji ulikuwa umezibuliwa. Hakuna aliyeuliza posho. Chama chetu ni mtoto wa desturi hiyo. Mwaka huu tunapowaalika kwenye mashindano ya gofu kwa ajili ya vijana wetu, tunawajibika kueleza tumefikaje huku.

Baada ya jembe ilikuja kahawa. Mwaka 1925 wakulima wetu waliunda KNPA, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake, na mwaka 1933 KNCU ikashika nafasi yake. Wazee waliona kwamba debe la mtu mmoja halina sauti sokoni, lakini madebe ya mlima mzima yana sauti. Kahawa ndiyo iliyolipa ada za wengi wetu. Bei ilipoanguka, mzigo wa kuchangia ukahamia kwetu tulio mijini, nasi tukaanza kupitisha kadi na kuandaa chakula cha jioni.

Hapo tukiri kosa. Mwaka mmoja, tulipofunga hesabu za chakula hicho, tulikuta ukumbi, vinywaji na muziki vimekula zaidi ya nusu ya makusanyo. Tulikula vizuri, na vijana nyumbani wakabaki wanasubiri.

Ndipo wazo la gofu lilipotolewa, na mzee mmoja akauliza: "Mchezo huo ni wa nani?" Swali lake lina historia. Gofu iliingia Tanganyika na wakoloni, na vilabu vyake vilikuwa vya Wazungu. Kijana wa Kiafrika aliingia kama kedi, kubeba mikoba ya wengine. Hata hivyo alikuwa akitazama na kujifunza, na baadhi ya wachezaji wetu wa kulipwa walianzia hapo hapo.

Kutumia gofu kuchangia jamii nako si jambo la jana. Mwaka 1937 mwimbaji Bing Crosby aliandaa mashindano Rancho Santa Fe, California, akiwachanganya wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa. Mvua ilinyesha hadi yakachezwa mashimo 18 tu, na Sam Snead akashinda. Baadaye mapato ya mashindano hayo yalisaidia vijana. Mwaka 1938, mashindano ya Palm Beach yalitoa dola 10,000 kwa misaada.

Sisi wahasibu tunapenda mpango wake kwa sababu hesabu zake ni rahisi kufuatilia. Kiwanja kina mashimo 18. Kila shimo linapata mdhamini wake, na bango lake linasimama pale. Timu moja ya watu wanne ikianzia kila shimo kwa wakati mmoja, tunapata wachezaji 72 na wote wanamaliza pamoja. Fedha za wadhamini zinalipia kiwanja, makedi, chakula na zawadi. Viingilio vya wachezaji havitaguswa: vitakwenda vyote kwenye ada za mafunzo ya ufundi na vifaa vya kuanzia kazi kwa vijana wa kata yetu. Akaunti itakuwa moja, watia saini watatu, na taarifa itasomwa nyumbani wakati wa Krismasi, mbele ya wote, pamoja na yule mzee.

Huna haja ya kujua kupiga mpira. Unaweza kudhamini shimo na wenzako wa ofisini, kumlipia kijana mmoja ada, au kuja kuhesabu alama. Katika msaragambo hapakuwa na jembe lililorudishwa nyumbani kwa kuwa dogo.

Mbiu imelia. Karibuni, ndugu zetu.