Daraja la nyasi

Ukisikia daraja lina historia ya miaka zaidi ya 500 unafikiria mawe, sivyo? Hili la Q'eswachaka, kule Peru, ni la nyasi. Ndiyo, nyasi! Linaning'inia juu ya mto Apurímac, mkoani Cusco, urefu kama mita 28, na asili yake ni enzi za dola ya Wainka.

Nyasi zinaoza, hilo hata mtoto anajua. Ndiyo maana kila Juni Waquechua wa vijiji vinne wanakutana, wanalikata la zamani linaangukia mtoni, wanasuka jipya. Kila familia inaleta kamba. Wanawake wanasokota zile nyembamba, wanaume wanazisuka ziwe nene: nne za kukanyagia, mbili za kushikilia. Siku tatu kazi, ya nne ngoma. Hakuna tenda wala mkandarasi (nanyamaza).

Jirani pana daraja la chuma linalopitisha magari, kwa hiyo wangeweza kuacha. Mimi naona wanatunza ujuzi kuliko njia ya kuvukia: kijana anajifunza kwa kusuka na babu yake, hana shule nyingine.

Mwaka 2013 UNESCO ikaiingiza kazi hiyo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Lakini orodha haisuki kamba. Mwaka 2020 korona ikazuia watu kukusanyika, Juni ikapita hivi hivi. Machi 2021 daraja likakatika, likaanguka.

Juni iliyofuata wakasuka jingine.