Nani Anafagia Kifusi?

Vijana wenzangu, nani kati yetu hajawahi kubanana kwenye benchi la kibanda cha video, iwe Kayanga, Omurushaka au Nkwenda, akimshangilia stelingi? Katika The Avengers (2012) jiji la New York linapigwa mpaka basi. Katika Man of Steel (2013) Superman na Jenerali Zod wanaangusha maghorofa ya Metropolis kama watu wanaokata migomba. Sisi tunapiga makofi. Picha ikiisha tunajikung'uta vumbi, huyoo, nyumbani kulala.

Swali langu ni dogo tu: kifusi kile nani anakifagia?

Usinijibu kwamba ile ni sinema. Sisi wa Karagwe na Kyerwa jibu hilo halitufai. Ukitoka kwetu kwenda Bukoba unapita Kyaka, lilipo daraja la mto Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na tarehe 1 Novemba ikatangazwa kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto sasa ni ya Uganda, kilomita za mraba zipatazo 1,800. Ndege zake zilijaribu kulivunja daraja, zikashindwa. Tarehe 3 Novemba likalipuliwa kwa baruti. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, kiwanda cha sukari kikaporwa, watu wakauawa. Magofu ya kanisa pale Kyaka hayahitaji mtafsiri.

Hiyo ilikuwa zamu ya adui, na ndiyo sehemu ya picha tunayoijua kwa moyo. Kila tarehe 25 Julai tunawakumbuka mashujaa wetu, na ni haki yao. Makaburi ya Kaboya, Muleba, yanasema gharama waliyolipa.

Sehemu ya pili huwa tunairuka. Januari 1979 askari wetu waliiteka Mutukula, upande wa Uganda. Matingatinga yakausawazisha mji, na raia nao wakauawa. Mwalimu Nyerere alipopata habari alishtuka, akaagiza raia na mali zao wasiguswe. Lakini tarehe 24 Februari ikaanguka Masaka, na kesho yake Mbarara. Mji umeshatekwa, adui ameshakimbia, ndipo majengo yakategwa baruti. Kisa? Kulipiza Kagera. Walioona tulivyofanyiwa sisi walitaka na wenzetu waonje.

Siwahukumu. Aliyeingia kijijini akakuta maiti za watu wa kwao alibeba uchungu ambao mimi sijaubeba. Lakini hebu tuulizane: mwenye duka wa Mbarara alikuwa Amin? Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979, Amin alikwishapata njia. Alikwenda Libya, halafu Saudi Arabia, na akafia Jeddah mwaka 2003. Wakubwa hukimbia, bwana. Nyumba haikimbii.

Na Mbarara si mbali. Kijana wa Kyerwa anavuka pale Murongo, anatokea Kikagati, anapanda gari kwenda kutafuta riziki katika mji huohuo. Anauziana, anataniana, pengine anaoa. Baba wa yule anayempimia bidhaa huenda alirudi mwaka 1979 akakuta matofali yaliyomwagika. Je, tunalijua hilo tunapopokea chenji?

Wenye sinema wenyewe swali lilikuja kuwakaba. Batman v Superman (2016) inamwonyesha Bruce Wayne akikimbia ndani ya vumbi la Metropolis, safari hii tukiwa chini, pamoja na wanaoangukiwa. Mwaka huohuo, katika Captain America: Civil War, mama mmoja anamsimamia Tony Stark mbele ya uso na kumwonyesha picha ya mwanawe aliyekufa wakati mashujaa wakiokoa dunia. Hollywood imejiuliza baada ya miaka michache. Sisi zaidi ya arobaini imepita, bado tunahadithia vifaru tu.

Ndugu yangu unayetaka kuandika, vifaru vimeshapata waandishi. Nenda kwa bibi yako kabla hajaondoka. Usimuulize nani alishinda, hilo tunalijua. Muulize siku waliyorudi walianza kuokota nini. Kisha vuka Murongo, ukamuulize na bibi wa upande wa pili swali lilelile.

Ukiwa na majibu ya wote wawili, hapo ndipo utakuwa na hadithi.