Konje: mizigo, treni na bahari iliyochelewa

Hapa Naviundu, mtaa wa Lubumbashi, kaa na mzee yeyote aliyefanya kazi ya shaba, umwulize konje yake, yaani likizo, ilikuwaje. Ataanza na mizigo. Atakutajia gunia la chumvi, miche ya sabuni, kitenge cha mama yake, blanketi la mjomba, na baiskeli iliyosafirishwa imefunguliwa vipandevipande. Kisha atakuja kwenye treni, na ndugu waliomngoja kituoni. Atakueleza kesi alizoamua, mahari aliyochangia na makaburi aliyoyajengea. Masolo, yaani mazungumzo, yatafika mwisho, na hutasikia hata siku moja aliyokaa kivulini bila kuitwa na mtu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi nilipostaafu. Baba watoto ni fundi wa kuchomelea vyuma. Hatimaye tumekwenda konje ya kwanza ya sisi wawili tu, baharini, baada ya kuingojea tangu ujana wetu. Furaha niliyoipata huko ilikuja na uzito moyoni, na nilipoufuatilia uzito huo niliona asili yake ni ya zamani kuliko ndoa yetu. Ndiyo maana naandika historia hii.

Jiji letu la Lubumbashi lilianza mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, reli ilipofika kutoka kusini. Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa mwaka 1906, na tanuru la Lubumbashi likaanza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Wafanyakazi wengi wa mwanzo walitoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland kwa mikataba ya miezi michache. Mkataba ukiisha, mtu alirudi kwao kulima. Maisha yake yalikuwa kijijini, na kazi ndiyo iliyokuwa safari.

Mambo yaligeuka kuanzia mwaka 1927 na 1928. Kampuni ilikuwa imechoka kufundisha watu kazi na kuwapoteza kila msimu, ikaleta mikataba ya miaka 3 na kutaka mwanamume akae kambini na mke na watoto. Ikajenga nyumba, ikagawa poso, ikafungua zahanati, na wamisionari wakasimamia shule. Mwaka huohuo wa 1928 reli ya BCK ilifika Port-Francqui, Ilebo ya leo, ikaunganisha Kasai na migodi ya Katanga. Konje tuliyoijua kwa baba zetu ilizaliwa hapo: kazi ikawa ndiyo maisha, na kijiji kikawa mahali pa kwenda na kurudi.

Wazungu walikuwa na konje yao. Baada ya miaka 3 ya kazi walipata miezi 6 Ulaya. Walipanda treni hadi Cape Town au Beira, na kuanzia mwaka 1931 hadi Lobito kwa reli ya Benguela, kisha wakaingia melini. Reli ya Kamina hadi Kabalo ilipokamilika mwaka 1956, treni iliweza kumfikisha mtu wa Elisabethville hadi Albertville, ambayo leo ni Kalemie, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Huko Ubelgiji, migomo ya Juni 1936 iliwapatia wafanyakazi sheria ya siku 6 za likizo yenye malipo kila mwaka. Kambini kwetu hali ilikuwa nyingine. Mwafrika aliyetaka kuondoka eneo lake kwa zaidi ya siku 30 alihitaji kibali cha utawala. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma wakidai mshahara unaolingana na bei za wakati wa vita, na tarehe 9 askari wakawafyatulia risasi kwenye uwanja wa mpira hapa Lubumbashi. Makumi ya watu walikufa. Kizazi kilichouawa kwa kudai mshahara kingeanzia wapi kudai mapumziko?

Baba yangu alikuwa mtu wa upande wa Kabongo. Konje yake ilianza chini ya kitanda, ndani ya sanduku la bati la rangi ya kijani. Kila siku ya mshahara mama aliingiza humo kitu kimoja: leo sabuni, mwezi ujao kipande cha kaniki, mwezi mwingine wembe na sindano. Alikuwa na daftari lenye majina ya ndugu, na kila jina lilikuwa na kitu chake. Jina likikosa kitu, safari iliahirishwa. Siku ya kuondoka baba alivaa koti lake zuri hata kama jua linawaka, kwa sababu huko aendako alipaswa kuonekana kama mtu aliyefanikiwa. Treni ilipita Likasi, Tenke na Bukama hadi Kamina, na kutoka hapo alitafuta lori. Alirudi na unga wa muhogo, samaki wa kukausha wa Upemba, na mara nyingi mtoto wa ndugu wa kusomeshwa mjini. Alirudi amekonda, na mama alimpikia bukari, ugali wetu, na kumwacha alale.

Sitaki mtu aidharau konje ile. Kwayo tulijua majina ya babu zetu, na mtoto wa kambini alijua shamba la ukoo liko wapi. Mwenye mshahara mjini aliwakumbuka wasio nao. Lakini mama hakwenda nayo mara nyingi, kwa sababu nauli ya wote haikutosha. Sikumbuki kuwaona baba na mama wamekaa pamoja mahali, wawili tu, bila shughuli ya mtu.

Kisha hata hiyo ikakatika. Kampuni ilitaifishwa mwaka 1967 na baadaye ikaitwa Gécamines. Reli ya Benguela ilifungwa na vita vya Angola mwaka 1975. Shaba ilizidi tani 470,000 mwaka 1986, lakini Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ikaporomoka, mwaka 1991 ukaja uporaji, na kufikia mwaka 1993 uzalishaji ulikuwa karibu tani 50,000 tu. Katika miaka hiyohiyo ya 1992 na 1993 treni iliyowabeba watu wa konje iliwabeba majirani zetu wenye asili ya Kasai, mamia ya maelfu waliofukuzwa Katanga. Wengi walizaliwa hapa. Walipelekwa kwenye vijiji ambavyo hawakuwahi kuviona, na wapo waliofia kwenye vituo vya Likasi na Kolwezi wakingoja mabehewa. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Asiye na kazi hana konje.

Sisi wawili tulioana kabla ya mporomoko huo. Sebuleni tulitundika mchoro wa mamba muntu, kama nyumba nyingi za Lubumbashi zilivyofanya tangu miaka ya 1970: mwanamke mwenye mkia wa samaki, na nyuma yake maji ya buluu yasiyo na mwisho. Usiku mmoja baba watoto aliutazama, akaniambia, “Mama, siku moja nitakupeleka kwenye maji ya namna hii.” Nilimwamini. Kisha ikaja ada ya watoto, kwa maana tangu miaka ya 1990 wazazi ndio waliobeba mishahara ya walimu, na mimi mwalimu nilipokea kwa mkono huu na kulipa kwa mkono ule. Ikaja matanga, ikaja harusi, ikaja hospitali. Kila tulipokusanya dola chache, jina fulani kwenye daftari letu lilikuwa na haja kubwa kuliko bahari. Elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2019, tulipumua kidogo kwa upande wa wajukuu. Nchi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, baba watoto alisema sasa hatuna sababu ya kuogopa mipaka.

Tulikwenda kwa basi. Mpakani Kasumbalesa tulipita pembeni ya foleni ndefu ya malori yaliyobeba shaba, mengi yakielekea bandari ya Dar es Salaam, njia yetu ileile. Ni njia ya kale. Msiri, mwana wa mfanyabiashara wa Unyamwezi, alifuata shaba ya Katanga katikati ya karne ya 19, akajenga utawala wake Bunkeya. Kutoka kwake misafara ilibeba pembe za ndovu, shaba na watumwa kwenda Tabora hadi pwani, na mingine kwenda Angola. Msafara wa Kapteni Stairs ulioitwaa Katanga kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Pili ulikusanya wapagazi wake Zanzibar mwaka 1891, na Msiri akapigwa risasi tarehe 20 Desemba mwaka huo. Kiswahili ninachoandika nacho kilikuja kwetu kwa njia hizo, kikakaa, kikawa cha watoto wetu.

Tulivuka bahari, tukafikia hoteli ndogo Jambiani, upande wa mashariki wa kisiwa cha Unguja, Zanzibar. Asubuhi ya kwanza nilisimama majini hadi magotini nikaona vidole vyangu vya miguu. Nilifikiria mto wetu Naviundu. Wataalamu walioupima wamekuta maji na tope lake vimejaa shaba na kobalti kupita kiasi, na wajukuu wangu tumewakataza kuuchezea. Furaha yangu ilichanganyika na hasira hapo hapo: kwa nini mtoto wa nchi yenye mito asafiri hadi bahari ya watu ndipo aone maji masafi?

Maji ya bamvua yalipotoka, wanawake walishuka na vigingi na kamba kwenda kwenye mashamba ya mwani. Kilimo hicho kilianza Zanzibar mwaka 1989, na kimeshikwa zaidi na wanawake. Mmoja alikuwa ameinama karibu nasi. Alishika kipande cha mwani cha ukubwa wa kiganja, akakipitisha kwenye kitanzi cha uzi, akavuta, akasogea hatua moja, akashika kingine. Mgongo haukunyooka hadi kamba nzima ilipojaa.

Nikamwita, “Jambo yenu, mama.”

Akainua uso. “Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mmekuja kwa nani hapa?”

Baba watoto akamjibu, “Hatuko na mtu hapa. Tuko konje.”

Hakuelewa, nikamweleza kwamba tumekuja kupumzika. Alitutazama kwa upole, akasema maji ya moto ya siku hizi yanauua mwani ulio karibu na pwani, na ule wenye bei nzuri umekuwa shida kuupata. Nikamwuliza kama amewahi kuingia kwenye hoteli yetu. “Binti yangu anafua mashuka humo,” akasema. “Mimi sijapata kulala.”

Usiku ule usingizi ulichelewa. Shuka nililojifunika lilikuwa limefuliwa na mtoto wa mwanamke yule. Swali lake nalo lilinirudia, kwa sababu kwetu mtu husafiri kwenda kwa mtu. Hapakuwa na aliyetungoja, wala kitu cha kumpa yeyote, na mikono yangu ilikosa kazi. Baba watoto alikuwa macho pia. Aliniambia alikuwa akiwahesabu ndugu ambao fedha ya chumba kile ingewasaidia. Tukawataja mmoja mmoja gizani.

Tulipopita mjini tulikwenda Mkunazini, mahali palipokuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, na kanisa la Waanglikana likajengwa hapo. Tulisimama tumeshikana mikono. Kati ya watu waliouzwa kwenye kisiwa hiki walikuwamo waliotembezwa kwa miguu kutoka nchi za ndani kama yetu. Hapo ndipo moyo wangu ulipotulia juu ya jambo moja. Tangu enzi za misafara, mtu wa kwetu alifika pwani kwa sababu ya mzigo. Sisi tulifika bila mzigo, kwa fedha ya jasho letu, kwa hiari yetu, mume na mke. Si dhambi, wala si wizi kwa ndugu. Siku zilizobaki tuliogelea, tukala pweza, tukazungumza mambo tuliyoyaahirisha miaka mingi. Nilimwona mume wangu amelala mchana bila kushtuka. Tulipokuwa tukiondoka, yule mama wa mwani nilimwachia kitenge changu cha Lubumbashi, akanipa kipande cha pweza mkavu kwa ajili ya wajukuu, na hivyo hata bahari ikawa na ndugu.

Nayasema haya kwa ajili ya watoto wetu walio kwenye migodi mipya, wengi wao kwa mikataba ya muda mfupi. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inampa mfanyakazi mtu mzima angalau siku moja ya kazi ya likizo kwa kila mwezi kamili aliofanya kazi, na siku hizo huongezeka kadiri miaka yake kazini inavyozidi. Wengi huziuza au huogopa kuziomba. Waziombe. Baba zao walipewa ruhusa ya kwenda kijijini ili warudi kuchimba. Wao wana haki iliyoandikwa, na haki isiyotumika hufa.

Kwenye likelemba yetu, mchango wa kupokezana, ya wanawake wa mtaa tumekubaliana kanuni mpya. Anayepokea zamu yake hutenga sehemu ya fedha kwa safari ya yeye na mume wake, na mjane huchagua wa kwenda naye, dada au rafiki. Sehemu ya ndugu ipo palepale, na daftari la majina hatujalichoma. Kuna waliokwisha kwenda Kalemie kuoga ziwani, na kuna wanaosema Kipopo, hapa karibu na jiji, inawatosha kwa siku mbili. Mahali si hoja. Tunachotaka ni kwamba katika kila nyumba ya Naviundu watoto wawaone baba na mama yao wakipumzika pamoja wangali hai na wenye nguvu, ili nao wakikua wasione haya kufanya hivyo.