Aliyemuuliza Malenga

Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840, na sifa yake leo inamtegemea sana mtu ambaye wasomaji wengi hawamtaji. Huyo ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, wa Mombasa vilevile, aliyezikusanya tungo za Muyaka wakati waliomsikia mshairi kwa masikio yao walikuwa wamebaki wachache. Miaka ya 1880 aliifanya kazi hiyo pamoja na mmisionari Mwingereza William Taylor, na mwaka 1940 William Hichens akaitoa Diwani ya Muyaka kutokana na karatasi zao. Sikujua hakuhifadhi beti peke yake. Tungo nyingi zilihifadhiwa na habari zake: ubeti huu ulimjibu nani, ule ulitungwa katika ugomvi gani kati ya Mombasa na Unguja, neno hili la mapenzi lilikuwa la mapenzi kweli au lilifunika siasa. Bila habari hizo Muyaka angetufikia kama barua iliyopoteza bahasha. Maneno yangekuwepo, lakini aliyeandikiwa asingejulikana. Hoja ya makala haya inaanzia hapo. Mazungumzo ya redioni na washairi, waandishi, waimbaji na waigizaji, ambayo wanahistoria wa fasihi ya Kiswahili huyapita kama porojo za kujaza muda, ndiyo yaliyoifanya kazi ya Sikujua katika karne ya 20. Kwa hiyo ni sehemu ya fasihi yenyewe, na yanastahili kutunzwa kama diwani zinavyotunzwa.

Sanaa ya Kiswahili ina haja ya pekee ya mtu wa kuuliza, kwa sababu imejengwa juu ya fumbo. Katika gungu, ngoma ya arusini ya pwani, mmoja alifumba na mwenzake akafumbua, na asiyeweza kufumbua alikubali kwamba ameshindwa mbele ya watu. Katika majibizano ya washairi mtu hakumwendea mwenzake kumwuliza alikusudia nini. Alimjibu kwa ubeti, na jibu lake ndilo lililoonyesha kama ameelewa. Desturi hiyo ilitosha maadamu waliohudhuria walikuwa hai. Maana ilikaa vichwani mwa mtaa, nao mtaa ukihama au ukifa, maana inaondoka nao. Tazama yaliyompata Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja. Sauti yake ilinaswa kwenye santuri mjini Bombay mwaka 1928, miongo miwili na zaidi kabla ya Unguja kuwa na redio yake. Wimbo wake Kijiti unahusu mauaji ya mwanamke na kesi iliyofuata, kesi ambayo wanyonge wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, waliiona imewadhulumu wasiostahili. Anayeusikia wimbo huo leo bila kisa chake husikia udi, fidla na majina ya watu. Siti alifariki Julai 1950, na Sauti ya Unguja ikaanza kutangaza mwaka 1951. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na tunamshukuru kwa hilo, lakini wasifu ni sauti ya mwandishi. Hakuna kipindi ambamo Siti mwenyewe anaulizwa wimbo baada ya wimbo, akajibu kwa kinywa chake, akakataa swali moja na kulicheka jingine. Mwaka mmoja tu ulituchelewesha.

Redio ilipofika iliikuta fasihi imeshapoteza kitu kingine pia. Tangu 1923 gazeti la Mambo Leo lilikuwa likichapa mashairi ya watu wa Tanganyika na kwingineko, na kwa hilo liliupanua ushairi kupita mipaka ya miji ya pwani. Mtu wa bara ambaye hajapata kuiona bahari aliweza kujibizana na mtu wa Tanga. Lakini karatasi ilinyamazisha ghani. Mizani na vina vilibaki, mahadhi yakaachwa nje. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza Julai 1951, na Sauti ya Mvita iliposikika Mombasa katika miaka hiyohiyo ya 1950, ushairi ulirudishiwa koo lake. Kipindi cha Malenga Wetu cha Radio Tanzania Dar es Salaam kilikuwa na sura hiyo: msikilizaji alituma shairi kwa posta, likaghaniwa studioni, na msikilizaji mwingine akalijibu kwa posta. Hapo pana majibizano ya gungu na baraza la Mambo Leo kwa pamoja. Kilichoongezeka, na ambacho hakikuwepo katika desturi zote mbili, ni mtunzi kuketishwa mbele ya maikrofoni na kuulizwa. Swali hilo jepesi, "Ulikusudia nini hapa?", lilikuwa jambo jipya kabisa. Malenga aliyezoea kujibiwa kwa ubeti sasa alitakiwa kujieleza kwa nathari, mbele ya watu wa Kigoma na Mtwara wasiomjua yeye wala mtaa wake wala mgomvi wake. Ilimbidi aeleze neno la lahaja, ataje mwalimu aliyemfundisha kupima mizani, aseme kwa nini ameacha kina cha kati. Mafunzo hayo, ambayo zamani yalipitishwa na ustadhi kwa mwanafunzi wake faraghani, yakawa mali ya kila mwenye redio, na hata ya asiye nayo aliyesimama kibarazani pa jirani.

Kwa waigizaji jambo ni zito zaidi. Mshairi akifa huacha daftari. Mwigizaji wa redio haachi kitu isipokuwa kanda, na kanda haisemi alivyoifikia sauti aliyoigiza. Vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi, vilivyowakusanya watu penye redio kote Tanzania, viliishi kwa wepesi wa kudakiana maneno, jambo ambalo karatasi haiwezi kulibeba. Mchezo wa Twende na Wakati ulipoanza Julai 1993, na Mkwaju dereva wa lori na mkewe Tunu wakawa kama watu wa mtaani, watafiti waliufuata kwa makini kiasi kwamba Dodoma ilitangaziwa vipindi vingine hadi 1995 ili wasikilizaji walinganishwe. Maswali yao yalihusu uzazi wa mpango na UKIMWI, na yalikuwa maswali ya haki. Swali la sanaa, yaani namna mtu anavyomjenga mlevi, mwongo au mama mvumilivu kwa pumzi na kikohozi peke yake, lilikuwa la mtangazaji kuuliza. Asipouliza yeye, hakuna fani nyingine iliyopewa kazi hiyo.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii lina nguvu, na halifai kupitwa mbiombio. Redio hizo zilikuwa za serikali. Za kikoloni zilianzishwa ili watawaliwa wasikie sauti ya mtawala, na baada ya uhuru serikali mpya nazo hazikulegeza mkono. Radio Tanzania ilishikwa moja kwa moja na dola mwaka 1965. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaita washairi akawaomba waieneze siasa ya Azimio la Arusha, na ngonjera za Mathias Mnyampala, zilizoenezwa na UKUTA, chama cha Kiswahili na ushairi, zikawa chombo cha kazi hiyo shuleni na hewani. Je, mazungumzo na mshairi aliyeitwa kusifu yana ukweli gani? Nakubali kwamba mengi yalikuwa ya kusifu. Lakini sifa nayo ni ushahidi wa zama zake, na anayetaka kujua jinsi mtunzi alivyolipatanisha deni lake kwa sanaa na deni lake kwa taifa atalipata jibu katika maelezo ya mtunzi mwenyewe kuliko katika ngonjera iliyokwisha kupigwa pasi. Zaidi ya hayo, mlango uliofungwa upande mmoja ulifunguka kwingine. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya mwaka 1969 kwa karatasi yake Kenya: Twendapi?, akatunga gerezani tungo za Sauti ya Dhiki zilizochapishwa 1973, akafanya kazi Dar es Salaam katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na kuanzia 1979 hadi 1986 akawa mtangazaji wa idhaa ya Kiswahili ya BBC mjini London. Idhaa hiyo ilikuwa imeanza Juni 1957, nayo ya Ujerumani ilifuata 1963. Aliyenyamazishwa kwao alisikika kwao kutoka ng'ambo. Mohammed Ghassani, Mpemba aliyekuwa mtangazaji wa idhaa hiyo ya Ujerumani, alipata tuzo ya Mabati-Cornell ya ushairi mwaka 2015 kwa diwani yake N'na Kwetu. Mshairi na mtangazaji wamekuwa mtu mmoja mara nyingi, na hilo halikutokea kwa bahati: kazi zote mbili ni za mtu anayepima neno kwa sikio.

Pingamizi la pili hutoka kwa wahakiki. Husema mtunzi si shahidi mwaminifu wa kazi yake. Huipamba, huisahau, huibadilisha kufuatana na aliye mbele yake, na shairi likishatoka mikononi mwake ni la msomaji. Chukua Mnazi: Vuta N'kuvute, shairi la Abdilatif ambamo Alii na Badi wanagombea mnazi mmoja. Wengi wamelisoma kuwa ugomvi wa mali ya taifa baada ya uhuru, na hakuna aliyehitaji idhini ya mtunzi kulisoma hivyo. Ni kweli. Lakini kuna tofauti kati ya maana na habari. Maana ya shairi inaweza kuachiwa msomaji. Habari zake haziwezi. Msomaji hawezi kukisia kwamba ubeti ulimjibu mtu fulani, kwamba neno ni la Kiamu na si la Kimvita, kwamba tungo iliandikwa kwenye karatasi ya chooni gerezani. Hayo huulizwa au hupotea. Hata pale mtunzi anapopamba, mapambo yake yanatuonyesha alivyotaka asikike wakati ule, na mtafiti mwangalifu atayapima kama anavyoipima barua au hati ya mahakama. Sikujua naye bila shaka alipokea masimulizi yaliyotiwa chumvi. Hakuna anayesema kwa sababu hiyo angeziacha karatasi tupu.

Sheria ya utangazaji ya 1993 ilipofungua njia kwa redio za binafsi Tanzania, na Kenya nayo ikafuata mkondo huo katikati ya muongo uleule, mazungumzo na wasanii yaliongezeka kuliko wakati wowote. Wapo wanaoona kwamba hapo ndipo yalipoharibika: maswali ya magari, ya wapenzi, ya bifu. Lawama hiyo ni ya haki kwa vipindi vingi, na mtangazaji anayempata mtunzi wa taarabu kwa saa nzima akamwuliza juu ya mavazi tu amepoteza saa ambayo haitarudi. Hata hivyo mipasho ya taarabu na mistari ya Bongo Fleva ni fumbo vilevile, yenye mlengwa, kisa na lugha ya mtaa inayobadilika kila msimu. Kijana anayeeleza hewani neno alilolipata Temeke au Majengo anaacha habari ambayo kamusi itaifikia baada ya miaka kumi, ikiifikia.

Hatari iko kwenye utunzaji. Kanda za sumaku ziliagizwa kutoka nje na zilikuwa ghali, na vituo vingi duniani, BBC yenyewe ikiwemo, vilizoea kufuta ya jana ili kurekodi ya leo. Muziki ulisalimika zaidi kwa sababu ulipigwa tena na tena. Kanda za bendi na za taarabu za Radio Tanzania zinajulikana na zimepiganiwa. Mazungumzo yalionekana yamekwisha kazi yake mara yaliposikika. Siku hizi faili la sauti halina bei ya kanda, ila linafutwa kwa urahisi zaidi, na redio nyingi za mikoani hazina mtu aliyekabidhiwa kulitunza. Basi ombi hili liwaendee wenye vituo na idara za Kiswahili za vyuo vyetu kwa pamoja. Kila mazungumzo na msanii yawekwe pamoja na tarehe, jina la mwulizaji, mahali na orodha ya kazi zilizozungumzwa, na nakala yake ipelekwe kwenye maktaba isiyotegemea uhai wa kituo. Wenye kaseti za zamani majumbani, walizorekodi kwa kuisogeza redio karibu na kinasa sauti, wasizitupe kwa sababu ya mkwaruzo. Karatasi za Sikujua na Taylor zinazohusu Muyaka zimehifadhiwa London, katika maktaba ya chuo cha SOAS, na zaidi ya miaka 100 baada ya kuandikwa bado zinasomeka.