Selous wa Beho Beho: Kaburi Moja, Majina Maelfu

Tarehe 4 Januari 1917, huko Beho Beho, kaskazini mwa mto Rufiji, risasi ya mdunguzi wa upande wa Wajerumani ilimuua Kapteni Frederick Courteney Selous. Alikuwa ametimiza miaka 65 siku nne tu kabla. Walimzika palepale porini, na kaburi lake lipo hadi leo: bamba lenye jina lake, cheo chake, nishani yake na tarehe ya kifo. Kwa askari aliyekufa vitani, maandishi hayo yanatosha. Mwaka 1922, hata hivyo, Waingereza waliichukua nchi nzima iliyolizunguka kaburi hilo wakaiita kwa jina lake. Hapo ndipo kumbukumbu ya mtu mmoja ilipogeuka dai juu ya ardhi ya watu wengi, na dai hilo ndilo linalostahili kupimwa.

Selous alizaliwa London mwaka 1851, zama ambazo kuwinda tembo na simba kulihesabiwa kuwa mchezo wa waungwana, sawa na kupanda farasi. Alifika Afrika Kusini mwaka 1871 akiwa kijana wa miaka 19, na ili awinde katika nchi ya Wandebele ilimbidi kwanza aombe ruhusa kwa mfalme Lobengula. Alipewa. Mwaka 1890 yeye huyohuyo aliongoza njia ya msafara wa kampuni ya Cecil Rhodes ulioingia nchi ya Washona na kusimika bendera pale palipokuja kuitwa Salisbury, Harare ya leo. Huku kwetu mambo yalikwenda mkondo huohuo: mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya uwindaji iliyodai leseni na kutenga mapori ya akiba, moja likiwa upande wa Rufiji. Mgeni aliyekuwa mwomba ruhusa sasa ndiye akawa mtoa ruhusa. Kwa mwenye leseni uwindaji ulibaki mchezo. Mwanakijiji aliyetega mtego ili watoto wapate kitoweo akaitwa jangili. Mabadiliko hayo makubwa yanaonekana yote ndani ya maisha ya mtu mmoja.

Hata vita vyake havikuwa vya peke yake. Selous alijiunga na Kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers mwaka 1915, akapigana Bukoba mwaka huohuo, akaugua na kurudishwa Uingereza kutibiwa, kisha akarejea mstari wa mbele. Ila katika nchi yenye mbung'o, ambako ng'ombe na farasi walikufa ovyo, kila risasi na kila kibaba cha unga vilifika Rufiji juu ya kichwa cha mpagazi. Wapagazi wa upande wa Uingereza waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi wao kwa njaa, kuhara damu na malaria. Jeshi lao, Carrier Corps, limetuachia neno tunalolitamka kila siku bila kulifikiri: Kariakoo. Soko linajaa nyanya na vitenge, na jina lake ni la kambi ya watu waliobeba vita vya wenzao.

Wapo watakaosema kwamba Selous alistahili heshima, kwa kuwa angeweza kukaa nyumbani kwa umri wake. Ni kweli, na ushujaa wake haukanushiki. Mwanawe, rubani, naye aliuawa vitani tarehe 4 Januari 1918, mwaka mmoja kamili baada ya baba. Msiba wa nyumba ile ulikuwa msiba wa kweli. Ila ushujaa hulipwa kwa kaburi lenye heshima, si kwa eneo la takriban kilomita za mraba 50,000. Wengine watasema alikuwa mwanaviumbe hodari aliyelitajirisha jumba la makumbusho la London. Hilo nalo ni kweli, na London ilimwekea sanamu mwaka 1920. Elimu ya wawindaji waliomsomea nyayo haikuwekewa hata bamba.

Hoja iliyo nzito kuliko zote ni kwamba kubadili jina ni kufuta historia. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na sehemu iliyobaki ingali Pori la Akiba la Selous. Kaburi halikuguswa. Kilichofanyika ni kukirudisha kipimo mahali pake: mtu abaki na kaburi lake, nchi ibaki na wenyewe. Kilichobaki ni deni. Mgeni anayepelekwa Beho Beho kuonyeshwa bamba lile aelezwe palepale, kwa kauli ileile ya heshima, habari za waliomfikisha hapo wakiwa na mizigo kichwani, ambao wengi wao hawakupata hata fungu la udongo lenye jina.