Habari za Safari, Si Fasihi ya Utalii

Kila mahali nilipoandika "habari za safari" katika makala yangu, mhariri alifuta akaweka "fasihi ya utalii". Nilipouliza, nilijibiwa kwamba hiyo ndiyo istilahi iliyopitishwa. Imepitishwa kwa hoja gani, hakuna aliyenieleza.

Makala yenyewe ilimhusu William Dampier, Mwingereza aliyezunguka dunia pamoja na maharamia, akachapa kitabu cha safari hiyo mwaka 1697. Aliandika juu ya pepo, mikondo ya bahari, mimea, hata nyama ya kasa. Mtu huyo alitalii wapi? Asili ya "kutalii" ni Kiarabu, na maana yake ya zamani ni kusoma na kuchungua kwa makini. Kamati iliyoipitisha istilahi hiyo ingekuwa na maana hiyo akilini, ningenyamaza. Lakini msomaji wa leo akisikia utalii huona hoteli, mbuga na ufukwe. Wapo pia wanaoshikilia "fasihi ya usafiri", ambayo ni mbaya zaidi, kwa kuwa usafiri ni mabasi, meli na nauli.

"Habari" ina uzito ambao maneno hayo hayana. Katika Kiarabu, khabar ni taarifa iletwayo na mtu anayeweza kuulizwa ameipata wapi. Abdallah bin Hemedi alipoandika Habari za Wakilindi alijua analolisema: haya yalikuwa, nami nayabeba. Selim bin Abakari, aliyesimulia safari yake ya Urusi na Siberia katika mkusanyo wa safari za Waswahili uliotolewa na Velten mwaka 1901, anasimulia kwa dhamana hiyohiyo.

Na dhamana hiyo ndiyo waliyoiazima waandishi wa riwaya za kwanza za Kiingereza. Mwaka 1666 Royal Society ya London ilichapisha maelekezo kwa mabaharia: nini cha kupima, nini cha kuandika. Wasomaji wakazoea kuamini tarehe, latitudo na maneno makavu ya batli. Defoe, mmoja wa waandishi hao, akalitumia zoea hilo. Robinson Crusoe ya 1719 ilitoka bila jina lake, kana kwamba Crusoe mwenyewe ndiye aliyeshika kalamu, na ndani yake mna shajara na hesabu ya vitu vilivyookolewa merikebuni. Nyuma yake yuko Alexander Selkirk, aliyeishi peke yake katika kisiwa cha Juan Fernández tangu 1704 hadi 1709, akachukuliwa na meli ambazo rubani wake alikuwa Dampier huyohuyo. Mwaka mmoja baada ya Robinson Crusoe, Defoe akamvusha shujaa wake mwingine, Captain Singleton, Afrika nzima kwa miguu, toka mashariki hadi magharibi, bara ambalo yeye mwenyewe hakulikanyaga. Swift naye, mwaka 1726, aliieleza dhoruba iliyompata shujaa wake Gulliver kwa maneno aliyoyanyofoa karibu yalivyo katika kitabu cha ubaharia cha Samuel Sturmy, na baadaye akamfanya Gulliver amwite Dampier binamu. Hata aliyetaka kuzikejeli habari za safari ilimbidi kwanza avae vazi lao.

Sema sasa kwamba Gulliver aliiga "fasihi ya utalii". Hoja yote imekufa, kwa sababu mtalii hadaiwi ushahidi na mtu.

"Riwaya" nayo inatokana na kupokea na kupokeza maneno ya msimulizi. Hivyo habari na riwaya ni majirani katika lugha yetu, kama zilivyokuwa jirani katika maduka ya vitabu ya London.

Wapinzani wangu husema "habari za safari" ni salamu, haifai kuwa istilahi. Ni salamu, naam, na hapo ndipo nguvu yake ilipo. Aliyetoka safari huulizwa, naye anawiwa jibu, na anayemuuliza hana njia ya kwenda kuhakikisha. Dampier alilijibu swali hilo; Defoe aliijua kanuni yake, akalijibu kwa ajili ya mtu asiyekuwapo. Hakuna kamati iliyonionyesha neno lingine lenye kubeba yote hayo.

Kwa matumizi: kitabu ni "habari za safari", mtunzi wake ni "msimulizi wa safari" ili asichanganywe na mwandishi wa habari, na Robinson Crusoe ni "riwaya ya sura ya habari za safari". Makala yangu nimeiondoa kwa mhariri yule, na itachapishwa pale tu maneno haya yatakapoachwa yalivyo.